Namna ya kupanga kozi ya muhula mmoja chuoni: mfano wa Mofolojia ya Kiswahili

Mhadhiri mpya akipewa kozi, mara nyingi anachokabidhiwa ni karatasi moja: jina la kozi, namba yake, krediti, na mada kumi na kitu zilizopangwa moja chini ya nyingine. Karatasi haisemi mada ipi inataka wiki mbili na ipi inatosha nusu saa. Wala haisemi ni ipi ukiiruka, zote zinazofuata zitayumba. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Nitatumia kozi ninayoifahamu vizuri, Mofolojia ya Kiswahili, yaani jinsi maneno yanavyojengwa, kwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, lakini hatua hizi nimewahi kuwasaidia nazo wenzangu wa uhasibu na wa kilimo, zikafaa.

Mara yangu ya kwanza kuifundisha nilianzia pale vitabu vinapoanzia. Wiki tatu nzima nilikuwa kwenye nadharia na historia: Wilhelm Bleek aliyezipa namba ngeli za lugha za Kibantu katika karne ya 19, Carl Meinhof aliyeuendeleza mfumo ule, kisha fasili za mofimu (kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana) za mtaalamu mmoja baada ya mwingine. Wanafunzi walinakili kila nilichosema. Wiki ya 9 tulikuwa bado kwenye ngeli. Unyambulishaji, yaani kuongeza viambishi ili kupata vitenzi kama *somea* na *somesha*, ambao ndio moyo wa kitenzi cha Kiswahili, niliusukumia kwenye mhadhara mmoja wa mwisho, na kwenye mtihani ukawa na maswali mawili. Niliposahihisha zile karatasi niliona wazi kwamba waliofeli maswali ya unyambulishaji walikuwa wamefelishwa na ratiba yangu. Tangu hapo sipangi kozi kwa kuangalia ninachokijua mimi. Naangalia mwanafunzi atakachokuwa anakifanya siku ya mwisho, kisha narudi nyuma.

Hatua ya 1: Hesabu saa kabla ya kuhesabu mada

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ni kazi yake yote: mihadhara, semina, kusoma, mazoezi, kujiandaa na mitihani. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120. Kama muhula wenu una wiki 15, hiyo ni saa 8 kwa wiki. Toa mihadhara ya saa 2 na semina ya saa 1, zinabaki 5 ambazo mwanafunzi yuko peke yake.

Hizo saa 5 ndizo waalimu wengi tunazisahau, au tunazitumia kana kwamba hazina mwisho. Mwanafunzi mwenye kozi 5 za namna hiyo tayari ana saa 40 kwa wiki. Ukimpa kurasa 60 za kusoma kabla ya Alhamisi, hazisomi. Anatafuta desa (maelezo ya kunakili) la mwaka juzi. Mimi nachukulia kwamba mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma huku akiandika maelezo hupita kurasa 10 hivi kwa saa. Kwa hiyo nampa zisizozidi 20 kwa wiki, na saa zinazobaki ni za kuchanganua data.

Sasa punguza na wiki zenyewe. Wiki ya kwanza sehemu ya darasa bado iko kwenye usajili au inasubiri bumu (fedha za mkopo). Kuna sikukuu, kuna wiki ya majaribio ambayo kila kozi inataka watu walewale. Wiki 15 za kwenye kalenda ni wiki 12 za kufundisha kitu kipya. Panga kwa 12.

Katika hatua hiihii uliza pia ni kipi huruhusiwi kugusa. Mtaala wa programu huwa umepitishwa na ngazi za juu, kwa hiyo jina la kozi, krediti na matokeo yake si vyako kubadili. Mpangilio wa wiki, uzito wa kila mada, data, matini za kusoma na aina ya mazoezi kwa kawaida viko mikononi mwako, na hapo pana nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua ya 2: Andika mtihani wa mwisho kwanza

Hii ndiyo hatua ngumu, nami naomba usiiruke. Kabla hujaandaa hata slaidi moja, kaa uandike maswali ambayo ungefurahi kumwona mwanafunzi wako akiyajibu vizuri wiki ya mwisho.

Kwangu mimi swali la kwanza huwa neno moja tu: *hawakutuandikishia*. Mwanafunzi alikate, aeleze dhima ya kila kipande, aseme kwa nini kiambishi cha usababishi hapa ni *-ish-* ilhali kwenye *somesha* ni *-esh-*. Akiweza hilo, ameonyesha ukanushi, nafsi, njeo (wakati), yambwa (mtendwa), mzizi, usababishi (*-ish-*), utendea (*-i-*), kiishio, na upatanifu wa irabu (irabu ya kiambishi kufuata ya mzizi) juu yake. Nusu ya kozi imo ndani ya neno hilo.

Swali la pili ni la *ku*. Zamani niliandika: "Taja dhima tano za mofimu *ku*." Wanafunzi walikariri tano wakazitaja, na sikujua nani anaelewa. Siku hizi naandika hivi: "Eleza *ku* katika maneno yafuatayo: *kusoma, anakupenda, hakusoma, walikula, hawakula, kunapendeza*." Hapo hakuna wa kukariri. Mwanafunzi atakutana na *walikula* na *hawakula* vikiwa jirani, na itabidi aone kwamba *ku* ya kwanza imebebwa na kitenzi cha silabi moja ilhali ya pili ni ya wakati uliopita katika ukanushi. Maswali haya mawili ya *ku* yanapima mada ileile, lakini yanadai kozi mbili tofauti. La kwanza linadai uwape orodha. La pili linakulazimisha utenge semina nzima ya watu kubishana juu ya data.

Ndiyo maana mtihani hutangulia. Mwanasaikolojia wa elimu John Biggs alilieleza jambo hili mwaka 1996: matokeo unayoyataka, shughuli za darasani na upimaji vinapaswa kuvuta upande mmoja. Mwanafunzi husoma kwa kufuata anavyopimwa, hata silabasi iseme nini.

Hatua ya 3: Matokeo machache, yenye vitenzi vinavyoonekana

Ukishakuwa na maswali, matokeo ya ujifunzaji yanajiandika karibu yenyewe. Manne au matano yanatosha. Epuka "aelewe" na "afahamu", kwa sababu huwezi kumwona mtu akielewa. Andika achanganue, atofautishe, aunde, atetee, akosoe. Ile ngazi ya stadi za kufikiri ya mwanaelimu Benjamin Bloom ya mwaka 1956, iliyorekebishwa 2001 kuwa kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kubuni, inasaidia kukagua kama maswali yako yote hayajarundikana kwenye kukumbuka. Zaidi ya ukaguzi huo sioni haja ya kuipigia magoti.

Hatua ya 4: Mwaga kila kitu mezani, kisha kata

Chukua vipande vya karatasi, kila kimoja andika jambo moja ambalo kozi ingeweza kulifundisha. Kwa Mofolojia nilipata 64. Gawa mafungu matatu: yale ambayo bila hayo swali la mtihani halijibiki, yale yanayosaidia, na yale unayoyapenda.

Fungu la tatu ndilo linaloumiza. Kwangu lilikuwa na historia ya istilahi, ulinganisho wa Kiswahili na Kisukuma na Kigikuyu, na mjadala mrefu wa mofimu kapa, ile isiyo na umbo linalosikika. Vitu vizuri vyote. Lakini kila kimoja kilikuwa kinakula saa za unyambulishaji. Mjadala wa mofimu kapa nimeutoa kabisa. Ulinganisho wa lugha za Kibantu nimeugeuza swali la hiari la semina, na wanafunzi wenye lugha hizo nyumbani wanalifanya vizuri kuliko ambavyo ningelifundisha mimi.

Usikate kwa kupunguza kila mada kidogo kidogo. Ukifanya hivyo unabaki na mada zilezile 15, zote zimekonda. Toa nzima nzima.

Hatua ya 5: Tafuta mpangilio, na hapa usiwe na haraka

Chora ramani ya nani anamtegemea nani. Weka vile vipande vilivyobaki kwenye meza, na kwa kila kimoja uliza: mwanafunzi lazima awe amejua nini ndipo hiki kimwingie? Chora mshale. Utashangaa. Mimi niligundua kwamba alomofu (maumbo tofauti ya mofimu moja) inategemea fonolojia (elimu ya sauti za lugha) ya mwaka wa kwanza kuliko inavyotegemea fasili ya mofimu. Mwanafunzi asiyejua kuwa irabu na konsonanti zinazofuata ndizo zinazoamua hataona kwa nini tuna *m-toto*, *mw-alimu* na *mu-uguzi*. Ataona maneno matatu tu. Kwa hiyo wiki ya kwanza natoa zoezi fupi la fonolojia, lisilo na alama, nijue nimebeba watu gani.

Vitabu vingi huenda hivi: dhana, aina za mofimu, nomino na ngeli zake, kisha vitenzi. Mpangilio huo una mantiki ya mtaalamu anayejua tayari mwisho wa habari. Mimi nimeugeuza. Naanza na kitenzi, kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hukatika vizuri mbele ya macho. Mwanafunzi anayeongea Kiswahili tangu utotoni akiwekewa *anasoma, tunasoma, walisoma, hawatasoma*, ndani ya dakika kumi anakata mwenyewe, na fasili ya mofimu inakuja kulipa jina jambo ambalo ameshaliona.

Ngeli nimeziweka katikati kwa makusudi. Zinachanganya, na mkanganyiko wake una faida ukija wakati mwafaka. Nawapa neno *kifaru*. Kwa kigezo cha maumbo, *kifaru/vifaru* linakaa KI-VI pamoja na *kiti/viti*. Kwa kigezo cha upatanisho wa kisarufi, tunasema *kifaru mkubwa anakula*, hivyo linakwenda A-WA pamoja na *mtu*. Darasa hugawanyika. Mwanafunzi aliyesoma sekondari kwa kigezo kimoja huapa mwenzake amekosea. Ukilileta neno hili wiki ya 2, wanachanganyikiwa tu, maana hawajui upatanisho unatoka wapi. Ukilileta baada ya viambishi vya nafsi vya kitenzi, wanaona wenyewe kwamba *a-* ya *anakula* ndiyo inayoamua. Mada ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pake.

Jambo jingine la mpangilio: rudi. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alipendekeza mwaka 1960 kwamba jambo zito lifundishwe kwa kulizunguka, kila mara kwa kina zaidi. Kwenye kozi yangu *ku* huonekana mara nne: wiki ya 1 kama fumbo, wiki ya 4 kama yambwa na ukanushi, wiki ya 5 kwenye vitenzi vya silabi moja, wiki ya 8 kama upatanisho wa mahali. *Ji* nayo vivyo hivyo, kuanzia *anajipenda* hadi *jitu* na *mwimbaji*.

Nadharia na historia nimezipeleka wiki ya 14. Bleek na Meinhof wanapofika, wanafunzi wameshagombana na ngeli kwa wiki mbili na wana la kuwauliza.

Kabla ya kuendelea, malizana na istilahi. Vitabu vyetu havikubaliani: huyu anaandika mnyambuliko, yule mnyumbuliko, huyu njeo, yule wakati, mzizi wa mmoja ni kiini cha mwingine. Chagua istilahi moja kwa kila dhana, uitumie muhula mzima, na wape wanafunzi ukurasa mmoja unaoonyesha waandishi wengine wanaitaje. Ukurasa huo umepunguza maswali ya wiki za mwisho kuliko kitini chochote nilichowahi kutoa.

Hatua ya 6: Jaza kalenda

Hivi ndivyo kozi yangu inavyokaa sasa:

- Wiki 1: kukata maneno; zoezi la fonolojia
- Wiki 2: mofimu, mzizi, kiambishi
- Wiki 3: alomofu
- Wiki 4: viambishi awali vya kitenzi
- Wiki 5: vitenzi vya silabi moja, urejeshi (*amba-* na *-o-*)
- Wiki 6: jaribio la kwanza, hakuna mada mpya
- Wiki 7 na 8: ngeli na upatanisho
- Wiki 9 na 10: unyambulishaji
- Wiki 11: kutoka kitenzi kwenda nomino (*pika, mpishi, mapishi, upishi*)
- Wiki 12: kuambatanisha na kufupisha (*kipazasauti, UKIMWI*)
- Wiki 13: wanafunzi wanawasilisha mradi
- Wiki 14: nadharia na historia
- Wiki 15: marudio

Wiki ya 6 haina mada mpya, na ilinde hivyo. Kuna muhula utapoteza siku kwa msiba, mgomo wa daladala au umeme, na wiki hiyo ndiyo itakayokuokoa. Mada nzito kuliko zote isikae baada ya wiki ya 11. Wakati huo wanafunzi wamechoka na kazi za kozi nyingine zote zinadaiwa.

Hatua ya 7: Jenga wiki moja moja

Kila wiki naipa swali moja, data, matini fupi na zoezi la semina. Swali la wiki ya 9, kwa mfano, ni hili: kwa nini *pigia, fungia, pandia*, lakini *chekea, somea*? Data inawekwa ubaoni kabla ya kanuni. Wanafunzi wanaigundua wenyewe: mzizi wenye *e* au *o* huchukua *-e-*, wenye *i*, *u* au *a* huchukua *-i-*. Kisha nawaletea *safiri* na *jibu*, vitenzi vya mkopo visivyoishia na *-a*, na kanuni yao inaanza kudai maelezo zaidi. Semina inaanzia hapo.

Usiandae slaidi za muhula mzima mwezi wa likizo. Andaa kikamilifu wiki nne za mwanzo, na zilizobaki ziwe na swali na data tu. Darasa litakuonyesha mahitaji yake.

Hatua ya 8: Panga upimaji kwa nguvu zako halisi

Vyuo vingi vya Tanzania hugawa alama 40 za upimaji endelevu na 60 za mtihani wa mwisho. Kenya utakuta mara nyingi 30 kwa 70. Alama 40 zangu ziko hivi: jaribio la wiki ya 6 ni 15, mradi 15, mazoezi ya semina 10.

Piga hesabu ya kusahihisha kabla ya kutangaza. Darasa la watu 180, dakika 6 kwa kila karatasi, ni saa 18. Majaribio mawili ni saa 36, na yote yanakuangukia wiki ambazo bado unafundisha. Ukishindwa kuyarudisha kwa wakati, mwanafunzi anaingia kwenye mtihani bila kujua alikosea wapi, na jaribio linakuwa limepoteza kazi yake kubwa. Ndiyo sababu nimebaki na jaribio moja na mradi wa vikundi vya watu 6. Vikundi 30, dakika 20 kila kimoja, ni saa 10, na maoni yangu yanakuwa marefu zaidi.

Mradi wenyewe: kila kikundi kinakusanya maneno 40 yanayotumika mtaani na mitandaoni, kama *kuposti, kuchati, kubeti*, kisha kinachunguza yanakubali viambishi gani vya unyambulishaji na yanakataa vipi. Desa la mwaka jana halisaidii, kwa kuwa maneno yenyewe hubadilika kila mwaka.

Rekebisha pia mwanzo wa muhula. Zoezi dogo la wiki ya 2 lenye alama mbili tu linamwambia mwanafunzi mapema kozi inataka nini. Anayekuja kujua wiki ya 10 kwamba kukariri hakutoshi, muda wa kubadilika umekwisha, na hapo ndipo sapu (mitihani ya marudio) zinapotokea.

Hatua ya 9: Waandikie wanafunzi karatasi yao

Silabasi ya ofisini na karatasi ya mwanafunzi ni vitu viwili. Ya mwanafunzi iwe kurasa mbili: swali la kila wiki, kurasa za kusoma, tarehe za kazi zote, namna alama zinavyogawanywa, na mfano mmoja wa jibu zuri na la wastani vikiwa pamoja na alama nilizotoa. Huo mfano wa majibu ndio wanaousoma zaidi.

Mafaili yapange kwa wiki, na jina lianze na namba: W04_viambishi_awali. Sura iliyopigwa picha bila kupunguzwa ukubwa inaweza kumaliza bando la mtu la wiki nzima; ipunguze kwanza. Weka kila kitu sehemu moja kwenye mfumo wa chuo, na mwombe kiongozi wa darasa atume kiungo tu kwenye kundi la WhatsApp. Mafaili yakitawanyika sehemu tatu, wengine watasoma toleo la zamani.

Hatua ya 10: Weka daftari la kozi

Kila baada ya mhadhara, kabla ya kufika ofisini, andika mistari mitatu: kilichoeleweka, kilichokwama, muda ulioisha wapi. Baada ya mtihani, kwa kila swali andika wangapi walilijibu na wastani wao ulikuwa ngapi. Kisha fungua ile ramani ya mishale ya hatua ya 5 na uweke alama palipokwama.

Daftari langu la muhula uliopita, ukurasa wa wiki ya 5, linasema: "Urejeshi umebanwa. Dakika 25 tu. Semina haikutosha." Kwenye mtihani, swali la *amba-* na *-o-* rejeshi ndilo lililokuwa na wastani wa chini kuliko yote. Muhula ujao urejeshi unahamia wiki ya 8, baada ya upatanisho wa ngeli, maana *-o-* yenyewe hubadilika kwa kufuata ngeli. Mshale huo haukuwepo kwenye ramani yangu ya kwanza. Sasa nimeuchora.